Hatua Ishirini Bila Fimbo

Machi 4

Mvua imeanza leo, na kana kwamba hiyo haitoshi, jeshi limetuletea mtu.

Naandika kwenye daftari la oda la marehemu baba. Kurasa zake zimekuwa tupu tangu vita vianze, maana nani ataagiza kabati wakati hajui kama nyumba ya kuliweka itakuwepo wiki ijayo? Mdogo wangu ndiye aliyenipa. "Dada," kasema, "hasira zako ziandike humu, masikio yangu yapumzike." Haya. Yapumzike.

Mtu mwenyewe ni sajenti aliyekatwa mguu wa kushoto chini ya goti mwaka juzi. Kaja na fimbo, sanduku la bati na muhuri. Aliingia karakana, akatazama huku na huku, akakaa kwenye kiti cha baba bila kuuliza. Kazi yake ni kujaribu miguu ya mbao tunayotengeneza. Kila askari anayekuja kuvalishwa mguu lazima atembee hatua ishirini uani kwetu bila fimbo, kutoka mlango wa karakana hadi kwenye pipa la maji. Akifika, sajenti anagonga muhuri. Asipofika, mguu umekataliwa.

Na hapa ndipo waliponishika pabaya. Mkaguzi wa jeshi, aliyekuja naye, amesema miguu mitano ikipigwa muhuri kabla ya Mei 31, mdogo wangu atahesabiwa kuwa fundi wa lazima, na atapewa karatasi ya kumsamehe kwenda vitani. Isipofika mitano, Juni mosi anapanda lori kama vijana wenzake wote wa mtaa huu. Ana miaka ishirini na miwili. Mama alituacha yeye akiwa na minne, na mimi ndiye niliyemlea. Sina mtoto mwingine.

Mitano tu, nikasema moyoni. Mdogo wangu huyu anaweza kuchonga mitano akiwa usingizini.

Machi 6

Mvua. Sajenti amesema chai yangu nyepesi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nitampa randa.

Machi 11

Mguu wa kwanza umepita. Ni wa kinyozi wa kule kona, aliyekatwa wa kulia. Alitembea hadi kwenye pipa, akaligusa, akageuka akicheka na machozi yanamtoka. Sajenti akagonga muhuri. Mdogo wangu alijifanya anatafuta patasi ili tusimwone uso.

Machi 25

Minne! Kinyozi, dereva, na ndugu wawili wa mtaa wa juu waliokatwa siku moja. Wiki tatu tu, na mvua bado haijapamba moto. Nimeanza kumwona huyu sajenti si mbaya sana. Anakula kimya, analala kwenye stoo, hasumbui. Nimemwongezea majani kwenye chai.

Umebaki mmoja.

Aprili 2

Kamkataa mwalimu wa hesabu. Eti mguu unalia. Nimetegesha sikio mpaka shingo ikauma, sijasikia kitu. Mwalimu mwenyewe alifika kwenye pipa na kurudi.

Aprili 5

Kamkataa mwingine. Eti kifundo kimepinda.

Aprili 9

Na mwingine. Safari hii ni mikanda, eti ngozi itanyooka ikilowa. Ngozi gani haina tabia hiyo? Mdogo wangu ameshamwita Bwana Kasoro, na jina limemkaa. Anatukataza kucheka halafu anatupa sababu.

Wanaume wenyewe wanaondoka na miguu ile ile iliyokataliwa, wanatembelea mitaani vizuri tu, na sisi tumeambiwa tuwaite tena "kwa marekebisho". Marekebisho ya nini? Mguu wameupata, walichokosa ni muhuri tu.

Aprili 14

Leo nimepiga kelele. Naliandika kwanza hilo kabla mdogo wangu hajaliandika yeye.

Alikuja muuza mikate. Namjua tangu utoto wetu. Kabla ya vita alikuwa na tanuri lake nyuma ya nyumba, na mikate yake ilinunuliwa ikiwa bado inaunguza vidole. Mdogo wangu alimchongea mguu kwa siku tisa. Aliuchonga kwa mbao ya kitanda cha mama, kwa sababu mbao nyingine kavu hakuna, mvua imelowesha zote. Kigutu kiliingia kwenye tundu lake kana kwamba vilizaliwa pamoja. Muuza mikate akatembea. Si hatua ishirini, mtu alizunguka pipa mara mbili, akaruka dimbwi!

Bwana Kasoro akasugua kidevu. "Kisigino," akasema.

"Kisigino kimefanya nini?" nikamuuliza.

"Kiko juu kidogo."

"Juu kwa kiasi gani?"

"Kidogo, Mama Fundi."

Nilimwambia maneno ambayo baba angenipiga kibao kuyasikia. Nilimwambia ana wivu. Nilimwambia kwa vile yeye kapoteza mguu basi hataki kuona kijana mwenye miwili akibaki nyumbani, na kwamba anamtazama mdogo wangu anavyopanda ngazi kama mtu mwenye njaa anavyotazama sahani ya mwenzake. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaufungia muhuri wake kwenye sanduku, akaniomba msamaha kwa kunisumbua, akaenda stoo akichechemea.

Hilo la kuomba msamaha ndilo lililonichoma zaidi. Mtu akikukosea halafu akawa mpole, unampigia kelele nani?

Mdogo wangu kaniambia nimezidisha. "Labda kweli kilikuwa juu, dada." Kichwa chake laini. Huyu ndiye ninayetakiwa kumwachia dunia.

Aprili 15

Siongei na mtu.

Aprili 22

King'ora kililia saa nne asubuhi. Tulikuwa watatu karakana, na handaki la mtaa liko mbali, basi tukaingia chini ya meza kubwa ya kazi. Ndege zilipita juu yetu na kushusha mabomu upande wa kinu cha unga. Meza yote iliruka. Vumbi la mbao likatujaa puani, na mimi nikawa napiga chafya na kumwomba Mungu kwa zamu.

Bwana Kasoro alikuwa kanishika mkono. Sikumpa, alinishika. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Mdogo wangu akavua koti lake akamfunika, akaanza kumweleza taratibu jinsi ya kunoa randa: jiwe unaliloweka kwanza, usilisukume kwa nguvu, sikiliza sauti yake. Alimweleza mpaka king'ora cha pili kilipolia kwamba hatari imepita. Nilimtazama mdogo wangu, nikajiuliza kajifunza wapi hayo.

Tulipotoka, Kasoro akasema, bila mtu kumuuliza, kwamba mke wake alikuwa kwenye foleni ya unga siku kama ya leo, mji mwingine. Yeye alikuwa hospitali, mguu umetoka jana yake. Barua mbili zilimfikia siku moja, moja ikimpongeza kwa ushujaa.

Kinuni wamekufa kumi na saba, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye foleni. Leo asubuhi nilitaka kwenda, nikaahirisha kwa sababu ya mvua.

Mei 1

Redio inasema tunashinda kila upande. Basi warudisheni watu.

Mei 6

Nimefungwa macho miezi miwili, na mke wa muuza mikate ndiye aliyenifungua.

Alikuja na mkate umefungwa kwenye kitambaa. Nikamwambia hatujaagiza mkate. Akasema si wa kuuza, ni wa kumshukuru sajenti. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Umshukuru kwa lipi? Kamkataa mumeo!"

"Ndiyo, dada. Kwa kumkataa." Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto. "Hivi hujui? Wale wanne waliopigwa muhuri wote wamerudishwa vitani. Kinyozi kaondoka Aprili mosi. Amri mpya inasema mwenye kutembea hatua ishirini bila fimbo anaweza kusimama zamu, anaweza kubeba risasi. Dereva keshakufa. Walimweka kwenye lori la mafuta."

Nilikaa kwenye kiti cha baba, ambacho kwa mara ya kwanza kilikuwa wazi.

Kumbe duka la kinyozi lililofungwa nililipita kila siku nikidhani hana wateja. Kumbe Kasoro alijua tangu kinyozi alipokuja kumuaga, na mimi nikimpigia kelele za kisigino. Nilimfuata stoo. Alikuwa anashona kifungo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ufanye nini, Mama Fundi? Uchague?" Akakata uzi kwa meno. "Miguu yote ni mizuri. Sijawahi kuona fundi kama mdogo wako. Nikigonga muhuri, mtu anaondoka. Nisipogonga, mdogo wako anaondoka. Nimejaribu kutafuta njia ya tatu, sijaiona. Kama unaiona, nionyeshe."

Ofisi gani hii! Nimewaza mpaka kichwa kimewaka. Wamekaa watu wazima mezani, wamekunywa chai, wakatunga sheria ambayo mguu ukiwa mzuri unamuua aliyeuvaa na ukiwa mbaya unamuua aliyeuchonga. Na wakaipiga muhuri.

Mei 13

Nilikwenda kwa muuza mikate. Naandika kwa nini nilikwenda, nisije nikajipamba siku moja: nilikwenda kumwomba adai mguu wake ukaguliwe tena, kwa mkaguzi mwenyewe. Mmoja tu. Nilijiambia kwamba yeye kaishi miaka thelathini na nane, mdogo wangu ishirini na miwili. Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo njia nzima kwenye matope.

Nilimkuta amesimama mbele ya tanuri, mguu wa mbao ya kitanda cha mama umeegemea ukuta ili usishike moto, mwenyewe kajiegemeza kwenye meza akikanda unga. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ndani ya kapu la mikate amelala. Akanikaribisha. Akanishukuru kwa mguu. Mke wake akanivutia kiti.

Nilinunua mikate mitatu, nikaondoka. Sisi hatumalizi hata mmoja.

Mei 19

Zimebaki siku kumi na mbili. Mdogo wangu ameanza kupanga vifaa vyake ukutani kwa ukubwa, kama mtu anayemwachia mwingine. Nikamwambia aache upuuzi. Akasema anapenda tu mpangilio. Tangu lini?

Jioni, yeye alipokwenda kuteka maji, nilimfuata Bwana Kasoro.

Nilimwambia: wewe pia umekatwa mguu. Wewe pia unaweza kuvalishwa, ukatembea mbele ya mkaguzi. Akaniambia yeye ndiye mjaribu, hajaribiwi, na akishavaa mguu mzuri watampeleka kesho yake, wana hamu na masajenti. Nikasema najua.

Ndipo nikasema neno hili, na naliandika jinsi lilivyotoka: "Muuza mikate ana watoto. Mwalimu ana mama. Wewe huna mtu."

Sikutukana. Afadhali ningetukana. Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayekubaliana na bei.

"Ni kweli," akasema. "Sina."

Nimeshindwa kula.

Mei 20

Amekwenda mwenyewe kwa mdogo wangu, akamwambia amechoka na fimbo, anataka mguu. Mdogo wangu aliniangalia mimi kwanza kabla hajamjibu. Nikageukia sufuria.

Mei 22

Mdogo wangu kampima Kasoro mara tatu. Hajawahi kumpima mtu zaidi ya mara moja. Nikamwambia akimaliza amshonee na suti. Hakucheka.

Mei 24

Mvua usiku kucha. Paa la stoo linavuja. Nimemhamishia Kasoro sebuleni, akasema sebuleni kuna mbu. Mtu huyu!

Mei 27

Nimemwambia asahau niliyosema. Nilimwambia tukiwa wawili, mikono yangu imejaa povu la sabuni: nilikosea, sina haki, rudi kwenye kazi yako, kijana aende kama wengine. Nilitaka akubali. Hapo hapo nilikuwa naomba asikubali. Akasema, "Mama Fundi, chai yako imeanza kuwa na rangi. Usiniharibie." Basi.

Mei 31

Mkaguzi alikuja saa tatu, viatu vyake vimefunikwa matope, akawa ameshakasirika kabla hajashuka garini. Alitaka kujua kwa nini karakana yenye fundi mzuri imetoa miguu minne tu msimu mzima. Kasoro, kasimama wima mbele yake na mguu mpya ndani ya suruali, akasema, "Nilikuwa mkali kupita kiasi, afande. Wa tano ni huu." Akampa muhuri. Akanipa mimi fimbo.

Mvua ilikuwa imekatika kidogo. Mdogo wangu alikuwa kwenye kizingiti, kakunja mikono, uso umempauka. Nilidhani ni woga wa kukosa karatasi.

Kasoro akaanza. Hatua nne za kwanza zilikuwa nzuri. Ya tano aliyumba, bega la kushoto likashuka, nikamwona anauma meno. Mkaguzi akafungua mdomo. Kasoro akajinyoosha, akaendelea. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujua, mpaka mkaguzi akaniambia nikae kimya. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kila akikanyaga kwa mguu ule nyonga nzima ilikuwa inatumbukia, na kila mara aliinyanyua. Kumi na tisa. Akafika, akaweka kiganja juu ya pipa, akasimama pale akipumua, ametugeuzia mgongo.

Nilisikia mdogo wangu akisema, "Hapana." Alisema polepole sana. Kisha akaingia ndani.

Mkaguzi akagonga muhuri juu ya kiti cha gari, maana kila mahali pengine palikuwa pamelowa. Akaniambia karatasi ya kijana itakuja Juni 3. Akamwambia Kasoro lori linapita saa tano.

Nilimfungia mkate na mayai mawili ya kuchemsha. Nikamgombeza kuhusu soksi. Lori lilipofika, nilimpa fimbo yake. Mkaguzi akaichukua. Eti aliyefaulu hatua ishirini bila fimbo hahitaji fimbo, na fimbo ni mali ya jeshi. Nilimwambia aitazame ile njia, ni matope matupu, hata yeye mwenye miguu miwili ya kuzaliwa nayo kajishikilia mlango. Alinijibu kwa kusoma amri. Alikuwa nayo mfukoni.

Basi nikamshika Kasoro mkono mwenyewe, tukatembea hadi kwenye lori. Alikuwa mzito. Alikuwa ananikanyaga.

"Mwambie kijana wako," akasema karibu na sikio langu, "mguu mfupi. Upana wa kidole."

"Hata leo, bwana? Hata leo una kasoro?"

Akacheka. Miezi mitatu hajawahi kucheka nyumbani kwangu. Mle ndani wakamvuta kwa makwapa, na alipokaa niliona waliomo: wengi walikuwa wameshika magoti yao ya mbao, kama watu walioambiwa wasipoteze mizigo.

Juni 1

Mdogo wangu hajatoka chumbani. Najua ni kwa sababu alimpenda yule mtu. Nami nimemruhusu anichukie, anayo haki.

Juni 3

Karatasi imekuja. Nikaisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini macho. Msamaha ni wa miezi mitatu tu. Baada ya hapo, miguu mingine mitano.

Nikaipeleka karakana. Mdogo wangu alikuwa benchi. Nikaiweka mbele yake, nikamwambia yote: amri, muuza mikate, na neno nililomwambia Kasoro kwamba hana mtu. Nilisema nimefanya hivyo kwa ajili yake, na kwamba akitaka kunitukana anitukane leo.

"Najua, dada," akasema. "Nilijua tangu siku aliyoomba mguu. Nawe ukanipa mgongo."

"Ukauchonga hata hivyo."

"Niliuchonga mfupi."

Sikuelewa. Akaniinulia kidole chake, akanionyesha upana wake.

"Nilimpima mara tatu nipate kipimo cha kumwangusha. Nikasema atafika hatua ya saba, ya nane, ataanguka, mkaguzi atakataa, nitakwenda mimi. Nilishapanga vifaa. Mguu ule hakuna mtu anayeweza kuutembelea hatua ishirini, dada. Unavunja nyonga." Sauti ikamkatika. "Nilimfanyia hivyo, na ndio aliokwenda nao."

Nimemlea mtoto huyu miaka kumi na minane nikimwona ana kichwa laini. Nilikaa sakafuni kwenye vumbi la mbao, nikalia kwa sauti, na yeye akalia, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Juni 9

Mvua zimekwisha. Mdogo wangu anachonga mguu mwingine, wa kushoto, chini ya goti, mrefu kuliko ule kwa upana wa kidole. Nimemuuliza tutautuma wapi. Kasema niulize ofisini.

Nimekwenda. Nimesimama kwenye foleni tangu asubuhi, nikaambiwa niandike jina la askari, kikosi chake na mahali alipo. Nikasema hayo ndiyo niliyokuja kuuliza. Karani akanirudishia fomu, akasema haijajazwa.

Nimerudi nayo. Yeye bado anapiga msasa.